Mabano kwenye jedwali la BGP: shirikisho linabadili nini, linaacha nini

Kuna mstari mmoja ambao kila anayejifunza BGP, itifaki ambayo ruta hutumia kupeana njia za kufikia mitandao, ataukuta maabara siku moja na kuukodolea macho. Huu hapa, umetoka kwenye ruta ya sita ya maabara yangu:

```
*>i 203.0.113.0/24   192.0.2.1   0   100   0   (65002 65001) 64501 i
```

Nambari za mifumo huru, yaani mitandao ambayo kila mmoja una msimamizi wake, umeshazizoea. Herufi "i" ya mwanzo, alama ya njia iliyopokewa kwa jirani wa ndani, unaijua, ya mwisho pia. Mageni ni hayo mabano. Ukihesabu, njia ina nambari tatu, lakini ruta ikilinganisha urefu inahesabu moja tu. Kituo kinachofuata nacho ni 192.0.2.1, anwani iliyoko upande wa pili kabisa wa mtandao, ilhali tangazo limevuka mipaka miwili ya mifumo huru, na wewe ulifundishwa kwamba kila mpaka huweka anwani yake.

Mafumbo haya mawili yana jibu moja. Mpaka ulio kati ya wanachama wa shirikisho la BGP, yaani vipande vya mfumo huru mmoja uliogawanywa, ni popo: ana mabawa na ananyonyesha, ukimwita ndege umekosea, ukimwita mnyama wa kutembea umekosea pia. Kikao chake huanzishwa kama cha eBGP, yaani kati ya mifumo huru miwili. Lakini taarifa zinazopita kwenye kikao hicho hutendewa kama za iBGP, za ndani ya nyumba moja. Ukishajua kipi kimetoka kwa ndege na kipi kwa mnyama, jedwali linaanza kusomeka.

Tatizo lililozaa shirikisho

Ndani ya mfumo huru mmoja, BGP ina sharti gumu: njia uliyoipata kwa jirani wa iBGP humpi jirani mwingine wa iBGP. Sharti hili halikuwekwa kwa ukorofi. BGP hujikinga na mizunguko kwa kutazama orodha ya mifumo huru ambayo tangazo limepitia, ile sifa ya AS_PATH. Ruta ikiona nambari yake yenyewe kwenye orodha, inalitupa tangazo. Ndani ya mfumo mmoja orodha haibadiliki, kwa hiyo hakuna cha kutazama. Dawa ikawa kukataza kabisa kupokezana.

Matokeo yake ni kwamba kila ruta lazima iwe na kikao na kila ruta nyingine, mpango uitwao utando kamili. Ruta 10 zinahitaji vikao 45. Ruta 20 zinahitaji 190. Zikifika 100 ni vikao 4,950, na kila ukiongeza ruta moja unazigusa zote zilizotangulia.

Juni 1996 zilitoka nyaraka mbili za kiufundi za intaneti (RFC) zinazofuatana kwa nambari, kila moja na dawa yake. RFC 1965, iliyoandikwa na Paul Traina, ilileta mashirikisho. RFC 1966 ilileta viakisi njia, yaani ruta chache zinazoruhusiwa kulivunja lile sharti kwa niaba ya wenzao. Wazo la Traina lilikuwa hili: kama AS_PATH ndiyo inayotukinga, basi tuipasue nyumba vyumba, kila chumba kipewe nambari yake ya mfumo huru, orodha ipate kukua tangazo linapotoka chumba kimoja kwenda kingine. Ndani ya chumba utando kamili unabaki, ila sasa ni mdogo. Mtu wa nje haoni vyumba. Anaona nyumba moja yenye nambari moja.

Waraka huo ulirekebishwa mwaka 2001 kama RFC 3065, na unaotumika leo ni RFC 5065 wa Agosti 2007. Marekebisho ya 2001 yana kisa ninachokipenda. Vipande vya orodha vinavyobeba nambari za wanachama vina aina mbili, AS_CONFED_SEQUENCE na AS_CONFED_SET, na kila aina ina tarakimu yake ndani ya ujumbe. Waraka wa kwanza ulisema SET ni 3 na SEQUENCE ni 4. Programu ya kwanza kutengenezwa ikazigeuza, nyingine zikaiga kosa hilohilo ili zielewane nayo, na mwishowe waraka wenyewe ndio uliobadilishwa ufuate programu. Kwa hiyo ukinasa pakiti kwa Wireshark ukaona aina ya 3, hiyo ni SEQUENCE, na ndiyo inayoonyeshwa kwenye mabano ya duara.

Maabara ya ruta nane

Unaweza kuijenga kwenye programu za kuigiza mtandao kama GNS3, EVE-NG au containerlab. Matokeo ninayoyaonyesha yamo katika mtindo wa Cisco IOS, na FRRouting inafanana nao sana. Shirikisho lina nambari 64500 na wanachama watatu: 65001 ina R1 na R2, 65002 ina R3 na R4, 65003 ina R5 na R6. Zimepangwa kama mnyororo kuanzia R1 hadi R6. R7 iko nje, mfumo 64501, imeshikana na R1. R8 nayo iko nje, mfumo 64502, imeshikana na R6. OSPF, itifaki ya kutafuta njia za ndani ya nyumba, inapita kwenye ruta zote sita za ndani, kila waya una gharama 10.

Nambari sikuziokota hovyo. 64496 hadi 64511 zimetengwa kwa ajili ya mifano na maandishi, na 64512 hadi 65534 ni za matumizi binafsi. Wanachama hupewa za binafsi kwa sababu hakuna mtu wa nje atakayeziona.

R2, iliyo mpakani, inasanidiwa hivi:

```
router bgp 65001
 bgp confederation identifier 64500
 bgp confederation peers 65002
 neighbor 10.0.12.1 remote-as 65001
 neighbor 10.0.23.3 remote-as 65002
```

Mstari wa kwanza ni jina la chumba. Wa pili ni jina la nyumba. Wa tatu unasema: nambari hizi ukizikuta kwa jirani, usimhesabu mgeni.

R7 ikitangaza 203.0.113.0/24 peke yake, R8 ikiwa kimya, fuata safu ya njia kutoka ruta moja hadi nyingine:

```
R1   64501
R2   64501
R3   (65001) 64501
R4   (65001) 64501
R5   (65002 65001) 64501
R6   (65002 65001) 64501
R8   64500 64501
```

Mabano yanazaliwa R3, yanarefuka R5, na R8 inapopokea yamefutika, nafasi yake imechukuliwa na 64500. R6 ndiyo iliyoyaondoa, kwa sababu inajua R8 hayumo kwenye orodha ya wanachama. Hata R7 hana habari: kwenye usanidi wake R1 ni jirani wa mfumo 64500, na akiandika 65001 kikao hakitasimama.

Ndani ya mabano, kila ruta inapopokea tangazo hutafuta nambari ya chumba chake. Ikiikuta, inalitupa. Kwa taarifa zinazopita kwenye kikao, mabawa ya popo ni hayo mawili tu: ruhusa ya kupokezana njia, na kinga dhidi ya mzunguko. Mengine yote ni ya mnyama.

Yaliyobaki ya ndani

Anza na kituo kinachofuata. Kwenye eBGP ya kawaida ruta ya mpakani huweka anwani yake. Kati ya wanachama wa shirikisho anwani haiguswi. Ndiyo maana R6 inaonyesha 192.0.2.1, anwani ya R7, kana kwamba R3 na R5 hazikuwepo njiani. Basi OSPF lazima ijue kuufikia mtandao wa waya kati ya R1 na R7. Ukisahau kuuingiza, R2 itakuwa na njia kwenye jedwali la BGP lakini bila alama ya ">" ya njia iliyochaguliwa, na ukiuliza undani wake itakujibu kuwa kituo hakifikiki. Njia isiyochaguliwa haitangazwi. Kwa hiyo R3, R4, R5 na R6 zitakuwa tupu kabisa. Wengi huanza kuchimba R6, kwa kuwa ndiko walikoona upungufu, kumbe dalili ya kusomeka iko R2.

LOCAL_PREF, kipimo cha upendeleo wa njia ambacho kikubwa hushinda, nayo inavuka. Kwenye eBGP ya kweli sifa hii haitoki nje ya mfumo. Hapa inapita mipaka yote ya ndani, na MED, dokezo la jirani kuhusu mlango upi utumike, pia inapita. Maana yake ni kwamba sera moja ya nyumba inatawala vyumba vyote, jambo ambalo nadhani ndilo zuri kuliko yote kwenye mashirikisho.

Urefu wa njia hauhesabu kilichomo kwenye mabano. Hii ina mantiki yake: mtu asiadhibiwe kwa kuigawa nyumba yake. Lakini ina ncha kali nitakayoionyesha baadaye.

Halafu kuna jambo linalowachanganya waliokariri jedwali la umbali wa kiutawala, kipimo cha imani ambacho kidogo hushinda, yaani 20 kwa eBGP na 200 kwa iBGP. Tazama R5. Imepata njia kutoka R4, ruta ya mfumo mwingine, na kwenye jedwali la BGP mstari wake hauna "i" ya mwanzo. Ukiuliza undani, IOS inaiita njia ya nje ya chumba ila ndani ya shirikisho, "confed-external". Ungetarajia 20. Lakini jedwali la njia linasema:

```
B  203.0.113.0/24 [200/0] via 192.0.2.1
```

Ni 200. Hata kwenye hatua ya uchaguzi inayopendelea njia ya nje kuliko ya ndani, njia hii huhesabiwa ya ndani. Majedwali mawili ya ruta hiyohiyo moja yanaonekana kama yanapingana, ilhali kila moja linamtazama popo kutoka upande wake. Jedwali la BGP linakuambia kikao kilivyoanzishwa. Jedwali la njia linakuambia imani iliyopewa taarifa. Usiyasome kama kitu kimoja.

Usiku wa FBF4

Nina kosa langu la kuungama. Siku ya kwanza kujenga shirikisho niliandika mstari wa "peers" kwenye R2 nikausahau kwenye R3. Vitu vingine vyote vilikuwa sahihi. Nilihakiki anwani, nikapiga pingi, ikajibu. Kikao kikawa kinajaribu kusimama na kuanguka, na R2 ikirudia ujumbe huu:

```
%BGP-3-NOTIFICATION: sent to neighbor 10.0.23.3 2/2 (peer in wrong AS) 2 bytes FBF4
```

Nilisoma "mfumo usio sahihi" nikaenda kuhakiki R3 mara tatu. Ilikuwa 65002, kama R2 ilivyotarajia. Nikaifuta BGP yote kwenye R3 nikaandika upya, nikiusahau mstari uleule tena, kwa sababu nilikuwa nanakili kutoka kwenye karatasi iliyokuwa na kosa lilelile.

Jibu lilikuwa limeandikwa mbele yangu kwa heksadesimali. FBF4 ni 64500. R3 haikuwa ikijitambulisha kama 65002. Bila mstari wa "peers", R3 ilimwona R2 kuwa mgeni, na kwa mgeni ruta ya shirikisho hujitaja kwa jina la nyumba wala si la chumba. R2 ikasikia 64500 mahali ilipotarajia 65002, ikafunga mlango. Baiti zile mbili mwishoni mwa ujumbe ndizo nambari ambayo upande wa pili umetaja. Tangu hapo sijawahi kuziruka.

Mtego mwingine wa aina hii uko kwenye vikao vinavyotumia anwani za Loopback0, yaani anwani ya ruta yenyewe isiyofungwa na waya wowote. Wakati wa kuanzisha kikao, jirani wa shirikisho ni ndege: IOS humtumia pakiti zenye uhai wa hatua moja tu, kama jirani wa eBGP. Inabidi uongeze amri ya ebgp-multihop, jambo ambalo kwa jirani wa chumba kimoja hulihitaji. Na kama unatumia FRRouting ya karibuni, jirani wa nje wa kweli, yaani R7 na R8, watabaki wameandikiwa "(Policy)" bila kupitisha njia mpaka uwawekee sera ya kuingia na kutoka. Hilo halina uhusiano na shirikisho, lakini limewapotezea watu muda wakidhani linao.

Njia zinazopotea

Sasa washa R8, nayo itangaze 203.0.113.0/24 hiyohiyo. Nyumba ina milango miwili ya kufikia mtandao mmoja, na hapa ndipo shirikisho linapobadilisha jedwali kwa namna isiyoonekana kwenye mabano.

Kwanza fikiria kama ruta sita zingekuwa kwenye utando kamili. R1 ingewatangazia wote mlango wake, R6 ingewatangazia wote mlango wake. Kila ruta ingekuwa na njia mbili: jumla 12.

Kwenye shirikisho, R1 inachagua mlango wake, R2 inafuata. R6 inachagua wake, R5 inafuata. R3 inapokea njia ya R7 kupitia R2, na njia ya R8 kupitia mwenzake R4. LOCAL_PREF ni sawa, urefu ni moja kwa moja, zote mbili zinahesabiwa za ndani. Kinachoamua ni gharama ya OSPF hadi kituo kinachofuata: 30 upande wa R7, 40 upande wa R8. R3 inaenda kushoto. R4, kwa hesabu ileile iliyogeuzwa, inaenda kulia. Mpaka hapo ni vizuri, kila ruta inatumia mlango ulio karibu.

Lakini hesabu njia. R3 inazo mbili na R4 inazo mbili. R5 ina moja tu, kwa sababu R4 hutangaza kilicho bora kwake, na kilicho bora kwake kimetoka kwa R5 yenyewe. R6 ina moja. R1 na R2 moja moja. Jumla ni 8. Njia nne zimepotea, na wala hakuna aliyezikataa. Kila mpaka umepitisha bora yake tu, ya pili ikaishia hapo.

Kwa kumbukumbu ya ruta hiyo ni faida, na kwenye mtandao mkubwa ni faida nono. Gharama yake utaiona ukizima waya kati ya R6 na R8. Kwenye utando kamili R5 ingekuwa na njia ya pili mkononi, ingehama papo hapo. Hapa R6 inaondoa tangazo, R5 inabaki mikono mitupu, inamwambia R4, R4 inageukia njia aliyopewa na R3, ndipo inamtangazia R5, na R5 inampa R6. Kati ya hatua hizo R5 na R6 hazina njia, na pakiti zinatupwa. Weka pingi ya mfululizo kutoka R6 kabla ya kuzima, uzihesabu nukta zinazokosa majibu. Kisha rudia jaribio kwa utando kamili wa vikao 15. Tofauti hiyo haielezeki kwa maneno jinsi inavyoelezeka na safu ya nukta kwenye skrini.

Tahadhari: si kila njia iliyopotea ni kazi ya shirikisho. Jaribu kuiwekea njia ya R8 LOCAL_PREF 200 pale R6. Sifa itasafiri hadi R1, na R1 itaacha mlango wake wa jirani na kuonyesha hivi (198.51.100.1 ni anwani ya R8):

```
*>i 203.0.113.0/24   198.51.100.1   0   200   0   (65002 65003) 64502 i
*                    192.0.2.1      0         0   64501 i
```

R1 sasa ina njia mbili na wengine wote moja moja, jumla 7. Lakini hata kwenye utando kamili ingekuwa 7, kwa sababu ruta ambayo bora yake imetoka ndani haina cha kuwatangazia wenzake wa ndani. Ndiyo sababu nashauri kila jaribio lifanywe mara mbili, lenye shirikisho na lisilo nalo. Vinginevyo utalipatia shirikisho sifa au lawama isiyo yake.

Ncha kali: mabano yasiyohesabiwa

Rudisha R8 kwenye ukimya. Funga mnyororo uwe duara: waya mpya kati ya R6 na R1, na kikao kati ya 65003 na 65001, kila upande ukimtaja mwenzake kwenye mstari wa "peers". R6 sasa ina njia mbili kwenda kwa R7. Moja ni `(65001) 64501`, kutoka R1 aliye hatua moja. Nyingine ni `(65002 65001) 64501`, iliyozunguka nyumba nzima hadi kwa R5.

Mtu yeyote angesema ya kwanza ni fupi. Ruta haisemi hivyo, kwake zote zina urefu wa moja. Kituo kinachofuata ni kilekile kwa zote, 192.0.2.1, hivyo gharama ya OSPF nayo ni sawa. Uchaguzi unateremka hadi chini kabisa, kwenye kitambulisho cha ruta, na mwenye nambari ndogo anashinda. Ukiipa R5 kitambulisho kidogo kuliko cha R1, R6 itachagua njia ndefu.

Je, pakiti zitazunguka? Hapana, na hapa pana somo. Kituo kinachofuata ni 192.0.2.1, na OSPF inajua njia ya mkato kupitia R1. Jedwali la BGP linasema tangazo limezunguka, pakiti zinapita mkato. AS_PATH ni kumbukumbu ya safari ya tangazo. Safari ya pakiti ni jambo lingine.

Sasa badilisha kitu kimoja. Unganisha vikao vyote kwa anwani za Loopback0, na kwenye kila ruta iliyo mpakani weka next-hop-self, ili kila mpaka uandike anwani yake. Watu hufanya hivyo pale kila mwanachama anapokuwa na OSPF yake, au kwa mazoea tu. Kwa R6 kituo cha njia fupi sasa ni R1, na cha njia ndefu ni R5. Wote ni majirani wa waya mmoja, gharama ni sawa. Kitambulisho kidogo cha R5 kinashinda tena, ila safari hii pakiti zinatii: R6, R5, R4, R3, R2, R1, ndipo R7. Piga traceroute uone. Hatua nne za ziada ndani ya nyumba zimeamuliwa na nambari uliyoiweka ruta siku ya kwanza bila kufikiri.

Tiba yake ni kupanga wanachama kama gurudumu lenye kitovu: chumba kimoja kikuu, vingine vyote vikishikana nacho peke yake. Duara la vyumba huvutia kwenye mchoro. Kwenye jedwali linakuachia uamuzi mikononi mwa sare.

MED ina ugonjwa wake pia. RFC 3345 ya Agosti 2002 inaeleza jinsi mashirikisho na viakisi njia vinavyoweza kuyumba bila kutulia, ruta zikibadilisha chaguo lao tena na tena, kwa sababu kila moja inalinganisha MED ikiwa na sehemu tu ya njia zilizopo. Chanzo ni zile njia zinazopotea mpakani.

Lebo za mlangoni

Kwa ufupi, maana lebo hizi (community), alama zinazobandikwa kwenye tangazo, husahaulika. Lebo ya NO_EXPORT huzuia tangazo kwenye ukuta wa nyumba: linapita vyumba vyote, R8 halipati. NO_EXPORT_SUBCONFED, ambayo IOS huiita local-as, hulizuia kwenye ukuta wa chumba: R2 ataliona, R3 hataliona. Kabla ya kulaumu lebo, hakikisha umewasha send-community kwa jirani husika, kwani IOS haitumi lebo mpaka iambiwe.

Ruta zilezile kwa viakisi

Viakisi njia vimetawala mitandao mingi kuliko mashirikisho, na sababu kubwa si ya kiufundi sana. Kiakisi unakiongeza polepole, ruta moja leo, nyingine wiki ijayo. Shirikisho linataka ubadilishe nambari iliyo kwenye mstari wa "router bgp", na kwenye IOS hiyo maana yake ni kuifuta BGP nzima ya ruta na kuiandika upya. Shirikisho hupata nafasi yake pale kampuni mbili zinapoungana, kila moja na wahandisi wake na OSPF yake, nao wanahitaji kuonekana nje kama mfumo mmoja bila kuvunja yaliyo ndani.

Ukiwa na saa moja ya ziada, chukua ruta zilezile sita, ziwe zote 64500, R3 na R4 ziwe viakisi, R1 na R2 wateja wa R3, R5 na R6 wateja wa R4. Tazama R6 tena. Mabano hayapo, njia ni `64501` tupu. Uliza undani wa njia, utakuta mistari miwili ambayo haikuwepo: kitambulisho cha ruta iliyoiingiza njia ndani, ambayo ni R1, na orodha ya viakisi ilivyopitia, R4 na R3. Orodha hiyo inafanya kazi ileile ya mabano, kukinga mzunguko. Tofauti ni kwamba yenyewe huhesabiwa: vitambulisho vikilingana, orodha fupi hushinda, na mzunguko mrefu kama ule wa R6 hushindwa hapo.